Rosenwald, mfanyabiashara aliyetaka fedha zake ziishe

Mwaka 1948 ofisi ya mfuko mmoja mkubwa wa hisani mjini Chicago, Marekani, ilifunga milango yake. Haikuwa imefilisika wala haikuwa na kesi mahakamani. Fedha zilikwisha kwa sababu mwenyewe aliagiza ziishe. Julius Rosenwald, aliyefariki mwaka 1932, aliacha sharti kwamba mtaji na faida yake vitumike vyote ndani ya miaka 25 baada ya kifo chake. Wadhamini wa mfuko wakamaliza kazi miaka tisa kabla ya muda.

Msomaji aliyezoea kuona miradi ya wafadhili mipakani, ile inayoanza kwa semina, fulana na posho kisha ikanyamaza siku fedha zinapokatika, anaweza kudhani mfuko unaojipangia siku ya kufa ni mzaha. Lakini Rosenwald hakuwa mtu wa mzaha kwenye mambo ya fedha. Alikuwa mfanyabiashara, na utoaji wake hauwezi kueleweka bila kwanza kumfuata dukani.

Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1862 katika mji wa Springfield, jimbo la Illinois. Baba yake, Samuel, alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani mwaka 1854 na kuanza maisha kwa kuchuuza bidhaa mlango hadi mlango, kabla ya kupewa duka la nguo la shemeji zake alisimamie. Kwa hiyo Julius alikulia nyuma ya kaunta. Hakumaliza sekondari. Akiwa na miaka 16 alipelekwa New York kwa wajomba zake wajifunzie naye biashara ya nguo, kama vile hapa kwetu kijana anavyopelekwa kwa mjomba mwenye duka mjini ili ajue kupima kitambaa, kukopesha na kudai.

Duka lake la kwanza halikumtajirisha. Alichogundua ni kwamba watengenezaji wa suti nyepesi za kiangazi walikuwa wakipata oda nyingi kuliko uwezo wao. Mwaka 1885 akahamia Chicago akaanza kushona suti hizo kwa jumla. Mmoja wa wateja wake alikuwa Richard Sears, bingwa wa matangazo aliyekuwa akiuza bidhaa kwa njia ya posta. Sears alikuwa na desturi ya kutangaza suti ambazo hana ghalani, kisha oda zikija anakimbia kuzitafuta. Wafanyabiashara wa nguo mnamjua mtu wa aina hiyo.

Mwaka 1895 Rosenwald na shemeji yake, Aaron Nusbaum, walinunua nusu ya kampuni hiyo, Sears, Roebuck, kwa dola 75,000, kila mmoja akitoa nusu. Wakati huo mauzo ya mwaka mzima yalikuwa kama dola 750,000. Mwaka 1906 yalikaribia dola milioni 50. Siri haikuwa matangazo peke yake. Sears alijua kumfanya mkulima wa mbali atamani saa, cherehani au jiko. Rosenwald alihakikisha kinachofika ndicho kilichochorwa kwenye kitabu cha bidhaa, kwamba kikifika kibovu mteja anarudishiwa fedha, na kwamba oda haipotei katika ghala lililokuwa na maelfu ya wafanyakazi. Baadaye kampuni ikaanzisha maabara ya kupima bidhaa zake yenyewe. Wawili hao walikuja kutofautiana wakati wa mdororo wa mwaka 1907, mmoja akitaka matangazo yaongezwe na mwingine akitaka gharama zipunguzwe. Sears akaondoka mwaka uliofuata, Rosenwald akawa rais wa kampuni.

Kuna jambo jingine ambalo wanahistoria wa biashara hulitaja. Katika majimbo ya kusini, mkulima mweusi aliyekwenda dukani alihudumiwa wa mwisho, alikopeshwa kwa riba ya kunyonga na aliuziwa alichochaguliwa. Kitabu cha bidhaa cha Sears hakikumuuliza rangi. Aliagiza kwa posta, akalipa bei ileile aliyolipa mzungu. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa tuje kwenye utoaji. Rosenwald aliabudu katika sinagogi la Sinai mjini Chicago, ambako rabi Emil Hirsch alifundisha bila kuchoka kwamba mwenye mali ana deni kwa jamii. Alianza kwa kuwasaidia Wayahudi maskini waliohamia Chicago kutoka Urusi, na akakaa kwenye bodi ya Hull House, nyumba ya Jane Addams iliyohudumia wahamiaji wa kila taifa katika mitaa ya mabanda ya magharibi mwa jiji. Mwaka 1910 rafiki yake alimpa vitabu viwili vya kusoma. Kimoja kilikuwa maisha ya Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani akajenga chuo cha Tuskegee huko Alabama. Mwaka uliofuata wawili hao walikutana Chicago, na baadaye Rosenwald akasafiri hadi Tuskegee kuona kwa macho yake. Mtoto wa mchuuzi mwenye asili ya watu waliofukuzwa na kuuawa Ulaya alitambua kitu katika hali ya Wamarekani weusi. Mwaka 1912 aliingia kwenye bodi ya chuo hicho, na humo akadumu mpaka mwisho wa maisha yake.

Lakini kabla hata ya kukutana na Washington, alikuwa ameshatoa ahadi iliyobadilisha miji mingi. Viongozi wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, walimwendea wakitaka msaada wa kujenga jengo la vijana weusi Chicago. Yeye si Mkristo, na vyumba vya YMCA za wazungu havikumkaribisha kijana mweusi. Aliwajibu kwa sharti la kibiashara: mji wowote Marekani utakaokusanya dola 75,000 kwa ajili ya jengo la namna hiyo, yeye ataongeza dola 25,000. Hakutoa senti mpaka aone za wenyeji.

Sharti hilo lilikuwa na ukali wake. Weusi wa mijini wakati huo wengi wao walikuwa wapishi, mabawabu wa treni, wafua nguo na vibarua wa machinjio. Hata hivyo walichanga, wakiungana na matajiri wachache wa kizungu, na majengo yakasimama katika miji zaidi ya 20: Chicago, Washington, Indianapolis, Atlanta, Philadelphia, New York na mingineyo. Jengo la Chicago, kwenye barabara ya Wabash, lilifunguliwa mwaka 1913 likiwa na vyumba vya kulala, bwawa la kuogelea, ukumbi na madarasa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, kwa sababu kilichotokea ndani ya majengo hayo ndicho kiini cha habari hii. Rosenwald hakutangaza mradi wa kuandaa viongozi. Alichosaidia kujenga ni mahali pa kulala na pa kukutana. Mfanyabiashara anayesafiri anajua thamani ya gesti salama katika mji usio wako. Mmarekani mweusi wa mwaka 1915 akifika mji mgeni alifungiwa milango ya hoteli, na kama si kwa jamaa au kanisani alilala YMCA. Mwaka huohuo mwanahistoria Carter G. Woodson alikuwa amefikia kwenye jengo la Wabash, na humohumo yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha kuchunguza historia ya watu weusi. Kutoka chama hicho ndiko ilikotoka juma la historia ya weusi ambalo leo limekuwa mwezi mzima.

Indianapolis, jengo la barabara ya Senate lilipata sifa kwa mikutano mikubwa ya hadhara iliyofanywa Jumapili. W. E. B. Du Bois alizungumza pale. Paul Robeson na Eleanor Roosevelt vilevile. Mfua nguo na mwalimu walikaa benchi moja wakajifunza kumhoji mtu mkubwa bila woga.

Atlanta, jengo la barabara ya Butler lilikuja kuitwa na wenyeji ukumbi wa jiji wa watu weusi. Mwaka 1948 jiji hilo lilipoajiri askari polisi weusi wa kwanza, wanane tu, hawakuruhusiwa kutumia kituo kikuu pamoja na wazungu. Walipangiwa chumba kwenye jengo la YMCA, wakabadilishia sare zao humo. Mwaka uliofuata viongozi weusi wa vyama vyote viwili vya siasa walikutana katika jengo hilo kuunda umoja wa wapiga kura, na kuanzia hapo mgombea umeya hakuweza kuupuuza upande wao wa mji.

Hayo ndiyo mazuri. Lazima yasemwe na mengine.

Chicago kulikuwa na mama mmoja, Ida B. Wells, mwandishi aliyehatarisha maisha yake kufichua mauaji ya weusi kwa kunyongwa na makundi ya watu. Mwaka 1910, kabla ya jengo la Wabash, alikuwa amefungua nyumba ndogo kwenye barabara ya State, katikati ya baa na madanguro, kwa ajili ya vijana waliotoka kusini bila kazi wala ndugu. Mfadhili wake mkuu alikuwa mmiliki wa gazeti aliyemlipia kodi ya nyumba. Jengo jipya la YMCA lilipofunguliwa, mfadhili huyo aliona hitaji limekwisha, akaacha kutoa. Wells alilalamika kwamba jengo jipya lilikuwa la vijana wenye ada mfukoni, si wale wa mitaani aliowapokea yeye. Akaajiriwa na mahakama ya jiji kuwa ofisa wa kuwasimamia wafungwa walioachiwa kwa masharti, mshahara dola 150 kwa mwezi, na mshahara huo akauelekeza kwenye nyumba yake. Baadaye ajira hiyo ikakoma. Mwaka 1920 nyumba ikafungwa.

Rosenwald hakumfanyia Wells ubaya wowote wa makusudi. Lakini fedha nyingi zikiingia mtaani zinabadilisha bei ya kila kitu, hata bei ya uongozi. Sharti la kuchangia kwanza linamwinua mwenye chochote. Yule asiye na kitu kabisa linampita. Kadhalika, kwa kukubali majengo ya weusi peke yao, Rosenwald aliuacha ubaguzi wenyewe ukikaa palepale, na walikuwapo weusi waliosema tangu mwanzo kwamba huko ni kupamba jela.

Hata katika kampuni yake mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka 1913 kamati ya jimbo la Illinois ilimwita kueleza mishahara midogo ya wasichana waliofanya kazi Sears, wakati kampuni ikipata faida ya mamilioni. Alijitetea, na utetezi wake haukuwaridhisha wengi. Miaka mitatu baadaye kampuni ilianzisha mpango wa akiba na mgawo wa faida kwa wafanyakazi.

Julai 1919 Chicago iliwaka moto. Kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alielea na kuvuka mstari usioonekana uliotenganisha weusi na wazungu katika ufukwe wa ziwa Michigan, akarushiwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na wazungu 15. Gavana aliunda tume ya watu 12, nusu weusi nusu wazungu, Rosenwald akiwa mmoja wao. Kijana aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti na uandishi wa tume hiyo alikuwa Charles S. Johnson, mtafiti mweusi aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago. Ripoti yao ya mwaka 1922 ilichunguza nyumba, ajira, polisi na magazeti kwa undani ambao mji wa Marekani ulikuwa haujawahi kufanyiwa. Johnson alikuja kuongoza kazi za mfuko wa Rosenwald katika mambo ya mahusiano ya rangi, na mwaka 1946 akawa mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Fisk.

Wengi wanaomkumbuka Rosenwald humkumbuka kwa shule za vijijini, kwa hiyo nizitaje kwa kifupi. Alianza na shule sita Alabama, na alipofariki zilikuwa 4,977 katika majimbo 15 ya kusini. Gharama ya majengo yote, pamoja na nyumba za walimu na karakana, ilikuwa kama dola milioni 28.4. Mfuko wake ulitoa dola milioni 4.3. Watu weusi wenyewe walitoa dola milioni 4.7, zaidi yake, kwa sarafu, kuku, pamba na nguvu za mikono. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa kodi ya serikali. Na hao weusi kodi hiyo walikuwa wameshailipa, wakaona ikijenga shule za wazungu, kisha wakachanga mara ya pili. Wafanyabiashara waliowahi kulipa ushuru upande mmoja wa mpaka na kuulipa tena upande wa pili watawaelewa.

Mwaka 1917 aliuandikisha mfuko wake rasmi, na mwaka 1928 akaukabidhi kwa bodi na mkurugenzi, Edwin Embree, akiwapa hisa za Sears na lile sharti la miaka 25. Hoja yake aliieleza waziwazi katika jarida moja mwaka 1929. Kila kizazi kina shida zake na kitakuwa na matajiri wake. Mfu hapaswi kuwapangia walio hai wasiozaliwa bado. Na mfuko usioisha huishia kuwatunza watumishi wake. Nadhani hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuuma zaidi, maana alikuwa mtu wa kuhesabu karani na meza zake.

Mwaka huohuo wa 1928 mfuko ulianza jambo jipya, kumlipa mtu badala ya kujenga jengo. Mweusi mwenye kipaji, mwandishi, daktari, mwanasheria, mchoraji au mwanasayansi, angelipiwa mwaka mmoja au miwili akasome, aandike au atafiti bila kuhangaikia chakula. Hakutakiwa kurudi kuutumikia mfuko. Orodha ya waliofadhiliwa inashangaza: Marian Anderson mwimbaji, Langston Hughes, Zora Neale Hurston, Ralph Ellison, James Baldwin, mpigapicha Gordon Parks, mwanahistoria John Hope Franklin, mwanasheria Pauli Murray. Du Bois, aliyempinga Booker T. Washington kwa miaka mingi, naye alisaidiwa na mfuko wa rafiki mkubwa wa Washington. Sijui wafadhili wangapi wa leo wangemlipa mtu anayewakosoa.

Wapo pia mume na mke, Kenneth na Mamie Clark. Walitumia ufadhili wao kuendeleza utafiti wa watoto na wanasesere weusi na weupe, wakaonyesha jinsi ubaguzi unavyomfanya mtoto mweusi ajidharau. Mwaka 1946 walifungua kituo cha watoto mtaani Harlem, New York. Utafiti wao ulitajwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoharamisha shule za ubaguzi mwaka 1954. Miongoni mwa mawakili wa kesi hiyo alikuwamo Robert Carter, ambaye naye alisoma kwa fedha za Rosenwald.

Mwingine anatugusa kwa karibu zaidi. Ralph Bunche alifiwa na wazazi, akalelewa na bibi yake Los Angeles, akasoma chuo huku akifagia ukumbi wa mazoezi. Alipopata nafasi Harvard mwaka 1927 hakuwa na nauli wala matumizi, na akina mama weusi wa klabu moja ya Los Angeles wakamchangia dola 1,000. Wao ndio waliotangulia. Miaka michache baadaye mfuko wa Rosenwald ulimlipia safari ya utafiti Togo na Dahomey, nchi ambayo sasa ni Benin, na kutokana na utafiti huo akapata udaktari mwaka 1934. Kwa ufadhili wa taasisi nyingine alikwenda London mwaka 1937, akafundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, kisha akasafiri hadi Kenya. Mwaka 1950 alipewa tuzo ya amani ya Nobel kwa usuluhishi wake kati ya Waarabu na Israeli. Kiswahili chake kilianzia mezani London, miaka 26 kabla ya uhuru wa mwalimu wake.

Kuna uzi mwingine unaofika kwetu, ingawa si wa fedha zake. Shule zake za vijijini zilisimamiwa kwa kiasi kikubwa na walimu wanawake weusi waliolipwa na mfuko mwingine wa Marekani, ulioitwa Jeanes. Mfano wa walimu hao uliigwa Kenya mwaka 1925, ilipofunguliwa shule ya Jeanes Kabete, nje ya Nairobi, ya kuwafunza walimu na viongozi wa jamii vijijini. Majengo hayo yaligeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha kufundishia maofisa wa utawala wa nchi iliyokuwa ikielekea uhuru.

Rosenwald alijaribu pia kujenga nyumba. Weusi waliokuwa wakimiminika Chicago kutoka kusini walibanwa katika ukanda mwembamba wa kusini mwa jiji, wakilipa kodi kubwa kwa vyumba vibovu. Mwaka 1929 alikamilisha jengo la ghorofa tano lenye makazi 421 na bustani katikati, kwenye kona ya barabara ya 47 na Michigan. Alilihesabu kama biashara yenye faida ndogo, si sadaka, akitumaini matajiri wengine wataiga. Hawakuiga. Faida ilikuwa ndogo mno kwao.

Lakini meneja aliyempa jengo hilo, Robert Taylor, mtoto wa msanifu majengo wa Tuskegee, alijifunza humo namna mji unavyojengwa na nani anaamua. Katika miaka ya 1940 Taylor akawa mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa mamlaka ya nyumba ya jiji la Chicago. Alitaka nyumba za umma zijengwe hata mitaa ya wazungu. Madiwani wakakataa, naye mwaka 1950 akajiuzulu. Baada ya kifo chake jiji lilijenga majengo 28 ya ghorofa 16 kila moja, yamepangwa mstari mmoja katikati ya mtaa wa weusi, kinyume kabisa na alichopigania, kisha likayapa jina lake. Yamekwisha kubomolewa.

Mporomoko wa masoko ya hisa wa mwaka 1929 haukumwacha Rosenwald salama. Alikuwa ameshawahi kuiokoa Sears mwaka 1921 kwa mali yake binafsi ya dola milioni 20 hivi, kampuni ilipokwama na bidhaa zisizouzika. Safari hii alijitokeza kuwadhamini wafanyakazi waliokuwa wamenunua hisa kwa mkopo, wasifilisiwe. Mfuko wake wenyewe, uliokuwa umewekwa karibu wote katika hisa za Sears, uliporomoka thamani kiasi cha kulazimika kusaidiwa na mifuko mingine kutimiza ahadi zake. Mtu aliyewafundisha wengine tahadhari alikuwa ameweka mayai yote katika kapu moja, na watu waliokuwa wakingojea fedha zake ndio walioumia.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 6 Januari 1932, akiwa na miaka 69. Inakadiriwa alitoa takriban dola milioni 63 maishani mwake. Hakutaka jina lake liwekwe kwenye majengo. Jumba la makumbusho ya sayansi alilolifadhili Chicago lilikataa kulibeba kwa agizo lake. Shule zake watu waliziita za Rosenwald bila kuruhusiwa, na lile jengo la barabara ya 47 lenye jina refu la kiserikali wapangaji waliliita hivyohivyo. Lilifungwa mwaka 2000 likiwa limechakaa. Lilikarabatiwa, likafunguliwa tena mwaka 2016 kwa wapangaji wa kipato cha chini, na safari hii jina lake liliandikwa rasmi mlangoni.